Kulenga kwa mkono, kulenga kwa mashine: hesabu za mpiga picha wa Kasuku

Kindu, mji wa Maniema nchini Kongo, iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na jua la huko halimsubiri mtu. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini za jioni, na nusu saa nyingine haipiti kabla giza halijatanda juu ya mto Lualaba. Harusi nazo hazijui saa. Maharusi huchelewa kutoka kanisani au nyumbani, msafara wa pikipiki huzunguka barabara za komini ya Kasuku honi zikilia, na kabla ya kuingia ukumbini kila shangazi anataka picha yake na bibi harusi, mto ukiwa nyuma. Mpiga picha huanza kazi yake kubwa ya siku wakati mwanga unaaga.

Hapo ndipo kamera inapoanza kuhangaika. Unabonyeza kitufe nusu, lenzi inasogea mbele, inarudi nyuma, inasogea tena, inakwama. Shangazi amekwisha kutabasamu na tabasamu limeanza kumkauka. Ukilazimisha, picha itatoka, lakini kesho yake kwenye kompyuta utaona kwamba kilichotoka safi ni maua ya mkononi, uso umefifia. Mama wa bibi harusi hatauliza umetumia kamera gani. Atauliza tu: "Papa, uso wa mtoto wangu iko wapi?"

Niseme mapema ninaloamini, ili msomaji asinifuate gizani. Anayekula kwa kamera aiachie mashine kazi ya kulenga kwa sehemu kubwa ya siku, ila asiiachie kazi ya kuchagua pa kulenga. Kisha ajifunze kulenga kwa mkono kwa zile nafasi chache ambazo mashine, kwa umbile lake, haiziwezi. Wale wanaohubiri kwamba fundi wa kweli hulenga kwa mkono siku zote mara nyingi ni watu wenye wasaa, ambao hakuna mama mkwe anayewadai picha Jumatatu asubuhi.

Kwa muda mrefu hapakuwa na cha kuchagua. Tangu upigaji picha ulipotangazwa hadharani mjini Paris mwaka 1839, kulenga kulikuwa kazi ya jicho na vidole. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilipoanza kazi mwaka 1911, mwenye kamera kubwa ya miguu mitatu bado alijifunika kitambaa cheusi, akatazama sura iliyopinduka juu chini kwenye kioo chenye chengachenga, akasogeza lenzi hadi mistari ikakaa sawa, na wakati wote huo mpigwa picha alitakiwa asipumue. Baadaye zikaja kamera za kushika mkononi, na zile za kioo (SLR) zilizotawala studio nyingi za Afrika: Zenit ya Wasovieti, na Pentax K1000 iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Katikati ya kiangalio cha nyingi kati ya kamera za aina hiyo palikuwa na kiduara kilichokatwa nusu mbili. Ukitazama mtu, nusu ya juu ya pua yake inakaa kushoto na nusu ya chini kulia. Unazungusha pete ya lenzi mpaka pua inaungana. Ikiungana, piga. Ilikuwa mbinu sahihi, na aliyeizoea alilenga uso ndani ya sekunde moja au mbili.

Mwaka 1977 Konica ya Japani ikatoa C35 AF, kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi iliyojilenga yenyewe. Haikuwa na uchawi. Ilikuwa na vidirisha viwili vidogo vilivyotazama kitu kimoja, na kifaa cha kampuni ya Kimarekani ya Honeywell ndani yake kililinganisha sura mbili hizo. Mwaka uliofuata Polaroid wakachukua njia ya popo: kamera yao ilirusha sauti isiyosikika, ikapima muda wa mwangwi kurudi, ikajua umbali. Iliweza kulenga hata gizani, ila ukipiga kupitia kioo cha dirisha ililenga kioo. Mwaka 1985 Minolta wakatoa kamera ya 7000, ambayo mota ya kulenga ilikuwa ndani ya mwili wa kamera yenyewe, na soko likageuka. Canon mwaka 1987 walibadili kabisa mdomo wa kamera zao, kiasi kwamba lenzi zote za zamani hazikuingia tena. Waliokuwa wamezikusanya kwa miaka walikasirika, na walikuwa na haki. Kisha Honeywell wakaenda mahakamani wakidai ugunduzi wao umetumiwa bila idhini, na mwaka 1992 Minolta ikalipa dola milioni 127.5. Kwa hiyo kile kisauti kidogo cha lenzi ikijilenga, ambacho leo hatukijali, kiliwahi kuwa na bei ya kutisha.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kamera ya kioo ya leo inalenga kwa kanuni ileile ya kiduara kilichokatwa nusu mbili. Ndani yake kuna vitambuzi vinavyochukua mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na mwanga uliopita upande wa pili, vinalinganisha, vinajua lenzi isogee wapi na kwa kiasi gani. Mashine inafanya ilichokuwa ikifanya pua ya shangazi kwenye kiduara kile. Na kama vile jicho lisingeweza kuunganisha nusu mbili za ukuta mweupe usio na alama, kitambuzi nacho hakiwezi. Kinahitaji mstari, ukingo, mahali ambapo cheusi kinakutana na cheupe. Ukishalielewa hili, makosa mengi ya kamera yako yanaacha kuwa mkosi.

Chukua siku ya Idd. Kindu ni mji wenye Waislamu wengi, na kumbukumbu za wafanyabiashara wa pwani waliokuja Nyangwe na Kasongo bado zimo katika lugha na mavazi ya Maniema. Asubuhi hiyo wanaume wanatoka kuswali na kanzu nyeupe. Lenga kifua cha kanzu safi iliyopigwa pasi: lenzi itakwenda na kurudi, kwa sababu haioni mstari. Sogeza nukta ya kulengea hadi kwenye ukingo wa kofia, pale inapogusa paji la uso, na itashika mara moja. Tarizi ya shingoni nayo inafaa. Vikwembe vina shida iliyo kinyume chake. Maua, duara na mistari ya kitenge cha wax ni chakula cha kitambuzi, na kamera isiyotambua nyuso hupenda kushika kikwembe ikauacha uso, hasa mama akiwa amekaa na magoti yametangulia. Nimeona picha nyingi za tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ambamo kila jani la kitambaa lingeweza kuhesabiwa, na mwenye kitambaa hatambuliki.

Kuna pia mambo ya mto. Asubuhi ukungu unapolala juu ya maji, mtumbwi unaokuja kutoka Alunguli ni kivuli cha kijivu ndani ya kijivu, na mashine haipati pa kushika. Mvua ikinyesha inaweza kulenga matone. Nyasi za ukingoni zikiwa mbele ya mvuvi, itashika nyasi. Chandarua kikiwa mbele ya mtoto, itashika chandarua. Na ukumbini usiku, pale taa za rangi za mwanamuziki zinapokuwa ndiyo mwanga pekee, rangi ya bluu au nyekundu tupu inaweza kuidanganya hata ikijiona imepata.

Kamera nyingi zinazofanya kazi ya mtaani ni za bei nafuu, na hapa lazima tuzungumze kwa kipimo. Chukua mfano wa Canon 1300D ya mwaka 2016, ndugu wa kamera nyingi za wanaoanza. Ina nukta 9 za kulengea. Nane kati yake husoma mistari ya mwelekeo mmoja tu. Ile ya katikati peke yake ni ya msalaba, yaani husoma iliyosimama na iliyolala. Karatasi za kiwanda zinasema inaweza kulenga mpaka kiwango cha mwanga kiitwacho EV 0. Canon R6 ya mwaka 2020, isiyo na kioo, imeandikiwa EV hasi 6.5 ikiwa na lenzi ya f/1.2. Tofauti hiyo ikigeuzwa kuwa mwanga ni kama mara 90. Vipimo vyote viwili hupatikana katika mazingira ya maabara, kwenye kitu chenye mistari iliyo wazi; uso wa mtu chini ya mwembe saa kumi na mbili na nusu si karatasi ya maabara. Hata hivyo tofauti hiyo inaeleza kwa nini mpiga picha wa Nairobi mwenye kamera mpya anakuambia kulenga kwa mkono kumepitwa na wakati, na wewe unamtazama tu.

Kwa mwenye hiyo ya nukta 9, mashauri ni mafupi. Zima uchaguzi wa nukta wa otomatiki. Kamera ikiachiwa nukta zote, kwa kawaida huchukua kitu kilicho karibu zaidi: maua, maikrofoni, mkono wa mtu anayetunza pesa. Washa nukta ya katikati pekee, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, bonyeza nusu, kisha panga picha yako na upige. Watu wengi wanaolalamika kwamba mashine hailengi wanalalamikia jambo hili moja, na wakilirekebisha malalamiko mengi huisha. Nukta za pembeni zikigoma, igeuze kamera kidogo kama ya kusimama, kwa sababu mstari ambao nukta haikuusoma ukiwa umelala, huenda ikausoma ukiwa umesimama.

Sasa tuje kwa mkono, na hapa nina ugomvi na wahubiri. Wanamwambia kijana: weka kwenye MF, yaani kulenga kwa mkono, zungusha pete, tazama kwenye kiangalio mpaka uso uwe wazi. Hawamwambii kwamba kiangalio cha kamera yake si kile cha zamani. Kile kiduara kilichokatwa kimeondolewa. Kioo cha ndani kimetengenezwa kiwe angavu ili mwenye lenzi ya kawaida aone vizuri, na kwa sababu hiyo hakionyeshi ukweli wa lenzi iliyofunguliwa sana. Unaona kana kwamba tundu ni f/2.8 au dogo zaidi hata kama umefungua hadi f/1.8. Picha inaonekana safi machoni, kumbe haiko safi. Pete zenyewe zimebadilika. Lenzi ya zamani ilizunguka zaidi ya nusu duara kutoka karibu hadi mbali, ili kidole kipate nafasi ya kusahihisha. Lenzi nyingi za leo huzunguka kidogo tu, maana mota haihitaji nafasi, na ukigusa milimita chache umeruka kutoka sikioni hadi puani.

Na ukifungua lenzi, nafasi ya kukosea haipo. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ndiyo ya kwanza kununuliwa na wengi kwa sababu ya bei yake, ikiwa kwenye kamera ya sensa ndogo na mtu akiwa mita 2, eneo linalotoka safi mbele na nyuma ni sentimita 11 hivi. Hiyo ni kama kutoka ncha ya pua hadi sikioni. Mtu akipumua tu huku ameinama kidogo, amekwisha kutoka. Ndiyo maana kumfuata bibi harusi anayetembea kwa pete ya mkono, kwa f/1.8, ni kiburi. Mashine inayofuatilia mwendo itakupa picha nzuri zaidi.

Njia ya kweli ya kulenga kwa mkono kwenye kamera hizi ni kutumia kioo cha nyuma: unaiwasha sura, unaikuza mara 5 au mara 10 juu ya jicho la mtu, unazungusha taratibu. Hapo usahihi ni mkubwa kuliko wa mashine, lakini una gharama ambayo Kindu inaijua vizuri. Umeme wa mji si wa kutegemea. Watu huchaji betri kwa jenereta au paneli za jua. Betri ya 1300D imepimwa kutoa picha 500 hivi ukitazama kwenye kiangalio, na 180 hivi ukitumia kioo cha nyuma. Kwa hiyo ule usemi kwamba mkono unaokoa betri ni kweli kwa Zenit na Pentax. Kwa kamera ya kidijitali iliyowashwa kioo cha nyuma, ni kinyume.

Basi mkono ni wa nini? Ni wa mahali ambapo kitu hakitembei, au ambapo unajua kitakapopita. Kundi la familia limepangwa ngazini, kamera iko juu ya miguu mitatu, mwanga umekufa: kuza, lenga kwa mkono, piga hata mara kumi, hakuna kitakachobadilika. Mtoto nyuma ya chandarua: mkono. Mtumbwi ndani ya ukungu: mkono. Gwaride: lenga alama barabarani, jiwe au ufa wa lami, subiri mstari wa wanafunzi ufike juu yake, bonyeza. Mashine haina la kufanya katika kupiga huko, na kwa hiyo haikosei. Video nayo ni ya mkono kwenye kamera nyingi za bei nafuu, kwa kuwa fokasi ya otomatiki inayotafuta katikati ya hotuba ya baba mzazi haifutiki tena. Sauti ya mota nayo inaingia kwenye maikrofoni.

Ipo njia ya tatu ambayo naipenda kuliko zote mbili, na watu huidharau kwa sababu ni rahisi mno. Mchana wa jua, weka lenzi ile ya kawaida ya 18-55mm kwenye 18mm, tundu f/8. Tafuta kitu kilicho mita 2 na kidogo kutoka ulipo, tuseme nguzo au baiskeli. Ilenge kwa mashine. Kisha sogeza swichi hadi MF, na usiguse pete tena. Kuanzia mita 1 na ushei mbele yako hadi upande wa pili wa Lualaba, kila kitu kitatoka safi. Jua la saa tano likiwaka na ISO ikiwa 200, shata itakuwa karibu 1/800, hata pikipiki inayopita itasimama. Unaweza kutembea kivukoni pale watu, mbuzi na magunia vinapopanda na kushuka, ukapiga bila kulenga kitu chochote mchana kutwa. Ila uangalie unakoelekeza kamera: Kongo ni nchi ambamo picha ya mwanajeshi, uwanja wa ndege au daraja inaweza kukuletea maswali marefu.

Kutolenga kabisa kuna historia ya heshima. Kodak Brownie ya mwaka 1900, iliyouzwa dola moja Marekani, ilikuwa na lenzi isiyosogea. Na msitu ulio magharibi mwa Kindu unatoa ushahidi wa karibu zaidi. Mradi wa utafiti uitwao TL2, uliokuwa na makao yake Kindu, ndio ulioufungua macho ulimwengu juu ya misitu ya Lomami: mwaka 2007 watafiti wake walimkuta kima wasiyemfahamu kwenye nyumba ya mkuu wa shule ya msingi huko Opala, na mwaka 2012 akatangazwa kwa sayansi kwa jina ambalo wenyeji walikuwa nalo siku zote, lesula. Hifadhi ya Taifa ya Lomami, inayopita katika majimbo ya Maniema na Tshopo, ikatangazwa rasmi mwaka 2016. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida Atlantic walifunga kamera za mtego kuanzia chini hadi juu mitini, wakamnasa kima mwingine adimu, dryas, akiendelea na maisha yake bila kujua anapigwa picha. Kamera za mtego kwa kawaida hazina fokasi ya mashine wala ya mkono. Lenzi imefungwa kiwandani mahali pamoja, na ufundi wote uko katika kuamua mti upi, urefu upi, na umbali gani kutoka njia ya mnyama. Anayeifunga karibu mno anapata pua isiyo na mwenyewe.

Simu nyingi za bei ndogo zina jambo hilohilo na wenyewe hawajui: kamera ya mbele imefungwa umbali wa mkono ulionyooka. Ndiyo maana picha ya kujipiga hutoka safi, na ukiisogeza hadi karibu na kidevu inafifia hata ufanye nini. Kamera ya nyuma hujilenga, na karibu zote zinakuruhusu kugusa uso kwenye kioo ili uchague, na kushikilia kidole ili fokasi ifungwe pale. Watu wengi wa mtaa wangetoa picha bora maradufu kwa kushikilia kidole hicho sekunde mbili. Ule ufifiaji wa nyuma wa picha za simu, kwa upande mwingine, hautokani na lenzi. Ni hesabu ya programu, nayo hukata kingo za kilemba na nywele vibaya.

Siwezi kuliacha suala la ngozi. Kamera mpya hutafuta nyuso na macho kwa programu zilizofundishwa kwa picha nyingi, na picha hizo hazikukusanywa kwa haki. Utafiti wa Joy Buolamwini wa MIT na mwenzake Timnit Gebru, uliotoka mwaka 2018, ulihusu programu za kutambua jinsia kwa uso na haukugusa kamera, lakini unatupa kipimo: kosa lilifika asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na halikuvuka asilimia 0.8 kwa wanaume weupe. Kabla ya hapo Kodak walipima rangi za filamu kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe. Tecno, ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, walijipatia soko Afrika kwa sababu mojawapo hiyo: walirekebisha kamera za simu zao zifae nyuso zetu. Kwenye jua, kamera mpya yoyote itaushika uso mweusi bila shida. Inapokosa ni pale uso uko kivulini na nyuma yake mto unang'aa. Kabla ya kuilaumu au kurukia pete, mgeuze mtu wako nusu hatua aelekee mwanga. Uso ukipata mwanga, jicho linapata ukingo, na mashine inapata kazi.

Mkono unadai pia mwili mzima. Mohamed Amin, mpiga picha mkuu wa Nairobi ambaye filamu yake ya njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ilizunguka dunia, alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko mjini Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1996. Pete ya lenzi huzungushwa kwa mkono wa kushoto. Na kwa wengi wetu adui ni mdogo zaidi: baada ya miaka 40 na kitu macho huanza kusogeza gazeti mbali. Mpiga picha wa umri huo anayejivunia pete anaweza kuwa anawafifisha watu kwa miaka bila kujua. Pembeni ya kiangalio kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha kulingana na jicho. Wengi hawajawahi kukigusa.

Unyevu wa Maniema una neno lake katika ugomvi huu. Lenzi iliyohifadhiwa ndani ya mfuko uliofungwa huota kuvu ndani, kama utando wa buibui juu ya kioo. Kuvu hupunguza ukali wa kingo, na lenzi inayopoteza kingo hulenga kwa shida. Mwenyewe anadhani mota imekufa. Imulike kwa tochi kabla ya kuinunua mkononi kwa mtu, na uihifadhi mahali pakavu penye hewa, pamoja na vile vipakiti vya chembe zinazonyonya unyevu.

Kama ni lazima nitoe hukumu kwa mwenye kamera moja, lenzi zile mbili, ya 18-55mm na ya 50mm, na harusi Jumamosi hii, ni hii. Kanisani na njiani tumia mashine, nukta ya katikati, jicho la karibu. Kivukoni mchana, lenga mara moja na ufunge. Jioni kando ya mto, punguza tundu kutoka f/1.8 hadi f/2.8, ongeza ISO bila aibu, maana chengachenga mteja husamehe na uso uliopotea hasamehi. Ukumbini, lenga ukingo wa kofia au kilemba, na taa zikizidi kucheza, weka kamera juu ya miguu, kuza sura, lenga kwa mkono, kisha zima kioo cha nyuma ili betri ifike hadi kukata keki. Na kabla ya Jumamosi, jaribu kubadili swichi ya AF na MF macho yakiwa yamefumbwa. Kwenye lenzi nyingi za Canon iko ubavuni upande wa kushoto, chini ya kidole gumba.